Msumari wa Koti la Babu

Mwezi uliopita mjukuu wangu, yule aliye chuo, alinikokota hadi Nanyuki kutafuta koti kuukuu. Nasema kuukuu kwa sababu mimi sina neno jingine. Yeye analo.

"Ni jacket ya jeshi, Shosho, vintage, ile original. Watu wanazitafuta mpaka majuu," aliniambia, nami nikavaa sweta yangu nikamfuata. Siku hizi mtu akijitolea kunitoa nyumbani simwulizi maswali mengi.

Duka lenyewe liko nyuma ya soko. Mwenye duka ni Mwislamu wa makamo, ndevu zake amezipaka hina, na alituambia kwamba babake aliuza ng'ombe maisha yake yote, lakini yeye akaona nguo hazihitaji nyasi. Humo ndani kuna kila kitu kilichowahi kuvaliwa na askari: buti, kofia, mikanda, mashuka mazito. Koti moja alikuwa amelitundika peke yake ndani ya karatasi ya plastiki. Alilishusha taratibu kama mtu anayemtoa mtoto mgongoni akiwa amelala.

"Hii hupati mahali pengine," alisema. "Kuna mzungu anakusanya vitu za zamani, hunipigia simu kila mara. Namwambia angoje."

Lilikuwa koti fupi la sufu, rangi ya kaki inayoelekea kijani, linaloishia kiunoni, lenye mfuko kila upande wa kifua na vifungo vilivyofichwa chini ya mkunjo. Mjukuu wangu alilivaa akajiangalia kwenye kioo, akageuka huku na huku. Mimi nikasogea nikalinusa kola. Lilinuka dawa ya nondo, basi. Lakini nililijua lile koti. Si hilo lenyewe, ila ndugu yake wa tumbo moja.

Kama umekulia upande wetu, hapo juu ya barabara ya Kiganjo, unaijua baridi ninayoizungumzia. Mwezi wa saba ukungu ulikuwa unashuka kutoka msituni ukakaa kwenye mashamba mpaka saa sita, na sisi watoto tukienda shuleni tulikuwa tunasikia ng'ombe wa watu kabla ya kuwaona. Ilikuwa miaka ile baada ya uhuru, mimi nikiwa shule ya msingi. Wazazi wangu walikuwa wamepata shamba la mpunga Mwea, na huko mbu walikuwa wengi, kwa hiyo niliachwa na nyanya yangu. Niliambiwa nimeachwa ili nimtunze. Yeye aliambiwa ameachiwa anitunze. Tulielewana hivyo hivyo.

Nyanya, ambaye tulimwita Cucu kama nyanya wote wa huko wanavyoitwa, alikuwa msusi wa vyondo, vile vikapu vya katani. Mikono yake haikukaa bure. Alisuka akitembea, akiongea, akichunga githeri isiungue. Kazi yangu ilikuwa kuteka maji, kukata nyasi za ng'ombe na kupeleka maziwa njia panda asubuhi, na nikirudi nilikuta nduma zimeiva kwenye majivu na chai imejaa maziwa hadi inakuwa nzito. Sijanywa chai kama ile tena, na tafadhali usiniambie ni kwa sababu ya uzee. Ng'ombe wa siku hizi wanakula vitu gani, mimi sijui.

Nyumba yake ilikuwa ya mbao na mabati, vyumba viwili, jiko nje. Ukiingia tu, mkono wa kushoto, kulikuwa na msumari mrefu ukutani, na kwenye msumari huo koti la babu. Babu alikuwa amekwenda vita vya wazungu akiwa kijana, akarudi nalo. Miaka ya hali ya hatari ilipofika, lori lilimchukua akiwa shambani analima. Kwa sababu alikuwa analima, na jua lilikuwa limewaka, alikuwa ameliacha nyumbani. Ndiyo maana likabaki.

Uhuru ulipokuja, waliozuiliwa walirudi mmoja mmoja, wengine wamekonda, wengine wamezeeka ghafla. Babu hakurudi. Wala hakuna aliyefika kusema amekufa. Watu wengi kijijini walishika lile la kwanza. Nyanya alishika lile la pili.

"Hakuna mtu ameniambia ako na kaburi," alikuwa anasema, na mazungumzo yakaishia hapo.

Alipojenga nyumba hiyo mpya, aliupigilia ule msumari mwenyewe. Alisimama karibu na ukuta, akainua mkono, akatafuta mahali hewani kama mtu anayemshika mwenzake kisogoni, akasema, "Shingo yake iko hapa." Aligonga papo hapo. Hayo aliyasimulia yeye mwenyewe, tena mara nyingi. Kwa hiyo koti lilikuwa linaning'inia pale alipokuwa anasimama babu, mabega yake mapana, mikono mirefu. Mimi sikuwahi kumwona babu hata siku moja, wala picha yake haikuwepo. Lakini ungeniuliza ni mkubwa kiasi gani, ningekuonyesha koti. Wageni walikuwa wakiingia jioni, kabla macho hayajazoea giza la ndani, wanalisalimia.

Kila Jumamosi tulilitoa. Nyanya alilikung'uta kwa fimbo, akalianika juu ya ua wa kaiyaba, kwanza ndani nje, halafu nje ndani. Hakuna aliyeruhusiwa kulivaa. Baridi ilikuwa inatuuma na pale ukutani kuna sufu nzito, lakini nyanya alijifunga shuka mbili.

"Akija ataniuliza koti," alisema. "Nitamwambia nini? Ati nilivaa ikaisha?"

Sasa, wakati fulani Naibu wa Chifu alitangaza kwenye baraza kwamba nguo za jeshi ni za jeshi, na raia mwenye nazo azipeleke ofisini. Wazee waliguna. Wengine walipeleka kofia zao, mmoja akapeleka buti mbili za mguu wa kushoto. Nyanya alisikiliza huku akisuka, akarudi nyumbani, akaendelea na mambo yake.

"Mimi sina nguo ya jeshi," aliniambia. "Niko na nguo ya bwana yangu."

Barabara ya chini ya shamba letu ndiyo waliyopitia kurutu wa polisi wakifanya mazoezi ya kukimbia. Tuliwasikia wakiimba tangu mbali, na sisi watoto tulizijua nyimbo zao zote, hata zile ambazo hatukutakiwa kuzijua. Jumamosi moja walipita koti likiwa juani. Mwalimu wao wa kwata, mtu mnene aliyekimbia vizuri kuliko wembamba wote, aliwasimamisha. Wakasimama wakitoa mvuke. Yeye akapanda hadi kwenye ua.

"Mama, hii koti ni ya nani?"

"Ni ya mwenyewe," nyanya akajibu.

"Na mwenyewe ako wapi?"

"Bado hajafika."

Kurutu wakacheka. Mwalimu wao akageuka mara moja, na kicheko kikafa. Alilishika kola akaliangalia kwa ndani, polepole. "Baba yangu alikuwa na kama hii," alisema, halafu akapunguza sauti. "Mama, ulisikia maneno ya baraza. Mimi nimepita tu, sijaona kitu. Lakini Naibu wa Chifu akiiona ataibeba, na ikienda hairudi. Shida ni hii rangi. Rangi tu."

Akashuka, akapuliza filimbi, wakaondoka. Mimi niliogopa sana. Nyanya alilikunja koti akaliingiza ndani kabla ya wakati wake, akakaa kwenye kigoda. Nikadhani anaogopa pia. Kumbe alikuwa anafikiria rangi.

Ungemjua nyanya ungeelewa. Katika vijiji vyote vya pale hakuna aliyemfikia kwa kutia katani rangi nyeusi. Nyeusi ya watu wengine ilichujuka kwa mvua ya kwanza. Ya kwake ilibaki mpaka kiondo kikatoboka. Alichemsha katani pamoja na magome ya muthanduku, ule mti ambao magome yake yalipelekwa kiwandani kutengenezea ngozi, kisha akaizika kwenye tope jeusi la bondeni, akaifua mtoni. Kwa hiyo mtu alipomwambia shida ni rangi, yeye aliona shida imekwisha.

Asubuhi yake, wakati wengine wanajitayarisha kwenda kanisani, jirani yetu alifika na nusu pipa lake kichwani. Jirani huyo alikuwa rafiki mkubwa wa nyanya na alikuwa na ushauri juu ya kila kitu, ukiuomba au usiuombe. Walikoka moto nyuma ya jiko. Magome yakachemka mpaka maji yakawa mekundu kama chai ya rangi iliyosahaulika jikoni, na koti likatumbukizwa.

Katani, ukitaka ishike rangi, huihurumii. Unaichemsha, unaiponda, unaigeuza kwa mti, unaongeza kuni. Nyanya alilifanyia koti vivyo hivyo, kwa upendo wote na kwa ujuzi wake wote. Mimi nililigeuza kwa mchi mpaka mikono ikauma. Harufu ya kondoo aliyenyeshewa ilienea hadi kwa watu waliokuwa wakitoka kanisani. Kutoka kwenye moto likaingia moja kwa moja kwenye tope. Kutoka kwenye tope likaingia mtoni, na mto wetu ule unatoka mlimani, maji yake yanakata mifupa. Wakalipigapiga juu ya jiwe.

Leo mtoto yeyote mwenye sweta nzuri atakuambia sufu haichemshwi. Lakini nani angetuambia sisi? Sufu ilikuwa kitu cha dukani, cha blanketi, na blanketi tulifua kwa maji baridi mara moja kwa mwaka. Hakuna mtu kijijini aliyewahi kuichemsha. Hakukuwa na sababu.

Rangi ilitoka nyeusi ajabu. Nakumbuka jirani akipiga makofi. Hata angekuja nani, lile halikuwa koti la jeshi tena. Jirani akalishika mabegani, akalikung'uta maji, akalinyoosha mbele yake. Halafu akaupima mkono mmoja kwa mkono wake.

"Hii mkono," akasema, "imeenda wapi?"

Nyanya alisogea. Alilichukua, akalipima kifuani mwake mwenyewe, na yeye alikuwa mwanamke mdogo. Halikumtosha. Lilikuwa limekuwa zito, gumu, nene kama tandiko, na fupi. Kila walipolivuta lilirudi.

"Si ni ngozi ya kondoo tu?" jirani akasema. "Tuiwambe."

Tukaliwamba. Tulilitandaza uani kama ngozi ya mbuzi wa sherehe, tukachonga vijiti, tukavipigilia kwenye pindo zote, jirani akiweka mguu upande mmoja na kuvuta upande wa pili, akihema. Ukipita barabarani ungedhani tumechinja askari. Lilikaa hapo mpaka likakauka, siku nzima iliyofuata na nyingine, mimi nikifukuza kuku. Tulipong'oa vijiti lilijikunja lenyewe polepole, likarudi vile vile. Kwapa moja lilikuwa limechanika.

Nyanya alikaa kwenye kigoda nje ya mlango, koti mapajani. Alilia. Sikuwa nimewahi kumwona akilia, hata waliporudi wale wengine wote. Alilia kama alivyofanya kazi zake, bila haraka na bila kelele, akijipangusa kwa ncha ya shuka, na jirani alisimama pale hajui aweke mikono yake wapi. Mimi nilitaka kuondoka na nikashindwa.

Hapo ndipo mbwa akabweka. Naibu wa Chifu alikuwa langoni, na askari wake nyuma.

Nyanya alisimama. Sijui kama alifikiri. Alinishika bega akanivisha lile koti mkono mmoja baada ya mwingine, akalifunga vifungo hadi juu, akajipangusa uso.

"Cucu, habari ya asubuhi," Naibu wa Chifu alisema. "Nimeambiwa hapa kuna koti ya jeshi."

"Koti ni hii tu," nyanya akasema. "Ya mtoto."

Naibu wa Chifu alinitazama. Aliniambia nigeuke, nikageuka. Aliniambia niinue mikono, nikainua, na kwapa likaonekana. Akashika kola, na vidole vyake vikabaki vyeusi. Aliviangalia vidole, akamwangalia nyanya, akaangalia nusu pipa pale uani, bado likiwa na magome. Hakuwa mjinga yule mtu. Halafu akaanza kucheka.

"Sasa jeshi gani itaandika mtu kama huyu?" alimwuliza askari wake. Walipewa uji, wakanywa wamesimama, wakaenda zao.

Jirani alipiga vigelegele kabla hata hawajafika barabarani. Koti lilikuwa limepona. Nyanya hakupiga kigelegele. Alichukua kamba zake akaendelea kusuka pale alipoachia.

Jioni nilitaka kulirudisha mahali pake. Nilisimama juu ya kigoda, nikanyoosha mkono, nisifike. Nyanya aliweka kamba zake chini. Kisha akatoa msumari kwenye kopo, akachukua panga, akaja akaniweka kisogo ukutani. Nilisikia kiganja chake nyuma ya shingo yangu, kinachokwaruza na cha moto.

"Shingo yako iko hapa," akasema, akageuza panga, akaupigilia msumari kwa mgongo wa panga.

Nikamwuliza kama ule wa juu tuung'oe.

"Uache," alisema. Akatundika koti kwenye msumari wangu. "Alikuwa mtu mrefu."

Hakulianika tena Jumamosi. Hilo lilikuwa koti la kuvaa, na nililivaa. Shuleni waliniita Jenerali, na mwalimu wetu wa hesabu alikuwa ananipigia saluti kila nikichelewa. Kola ilinipaka weusi shingoni mwaka mzima. Lakini nikwambie kitu kimoja: mvua haikupita mule. Nilipeleka maziwa nalo, nilichuma chai ya watu nalo wakati wa likizo, nililala nalo. Lilipoanza kunibana alilirithi binamu yangu, baadaye mdogo wake, na mwishowe mikono ikaisha kabisa. Mara ya mwisho kuliona lilikuwa kwenye kikapu chini ya kuku aliyekuwa akiatamia. Wale wakusanyaji wa vitu vya kale wangezimia.

Nyanya alizikwa mimi nikiwa mke wa mtu. Siku hiyo, watu wakiwa wamekaa nje, niliingia ndani nikasimama mahali pale, mgongo ukutani, nikapapasa juu. Msumari wa kwanza ulikuwa kiganja kizima juu ya kichwa changu, nami si mfupi. Baadaye ndugu zangu walibomoa nyumba wakajenga ya mawe, ambayo ni nzuri, ina vyumba vingi, na hakuna kuta unazoweza kupigilia msumari bila kuita fundi. Mbao ziliwashwa moto kwenye harusi ya mtu. Ua wa kaiyaba nao umeng'olewa, kuna seng'enge. Sijui misumari ilikwenda wapi. Jirani naye hayupo tena, na ndiye pekee mwingine aliyekumbuka koti lilivyokuwa kabla ya pipa.

Hayo yote yalinipitia pale dukani Nanyuki, kwa muda ambao mjukuu wangu alichukua kujipiga picha. Koti lilimpwaya kidogo, akasema ndivyo linavyotakiwa. Akalilipia, akafurahi, nami nikafurahi kwa sababu yake. Nikamwambia asilichemshe. Alicheka, akidhani natania.

Mwenye duka alikuwa bado ananiangalia. Nadhani aliona nilivyolishika kola.

"Na wewe mama, si nikutafutie moja? Ya mzee?" aliuliza. "Niko na zingine kwa store. Mzee ako size gani?"

Ningeweza kumwambia sina mzee, maana mume wangu alitangulia. Lakini mkono ulikuwa umeshainuka wenyewe. Ulipita kichwa changu, ukasimama kiganja kimoja juu, ukakunja vidole kama unaomshika mtu kisogoni.

"Shingo iko hapa," nikasema.

Mwenye duka akatazama mkono wangu, akatazama rafu zake zote, akatikisa kichwa.

"Ya mtu kama huyo sina, mama," alisema.